Kabla Mzigo Haujapakiwa: Usalama wa Meli kwa Wasafirishaji wa Gudele, Kutoka Mombasa Hadi Bandari ya Juba

Miongoni mwa maswali ambayo wafanyabiashara na wasafiri wa Gudele, mtaa wa Juba nchini Sudan Kusini, huyauliza mara kwa mara, liko moja lenye pande mbili. Upande wa kwanza huuliza kwa nini kontena ambalo nauli yake imekwisha kulipwa huchelewa Mombasa kwa maelezo kwamba meli imezuiliwa na wakaguzi. Upande wa pili huuliza mtu asiye baharia wala mhandisi atajuaje kama chombo kilichofungwa gatini Juba kinafaa kubeba magunia yake, au watoto wake, hadi Bor, Malakal au Renk. Makala haya yanajibu pande zote mbili kwa pamoja, kwa sababu njia anayoifuata mkaguzi wa meli kubwa baharini ni njia ambayo mtu yeyote mwenye macho na subira anaweza kuifuata mtoni, na kwa sababu kasoro zinazozamisha watu katika Mto Nile ni zilezile, kwa umbo dogo zaidi, zinazoandikwa katika ripoti za wakaguzi wa Bahari ya Hindi.

Nani hukagua, na kwa utaratibu gani

Meli kubwa ya safari za kimataifa husimamiwa na wahusika watatu. Nchi ya bendera, yaani nchi ambako meli imesajiliwa, ndiyo inayotoa vyeti. Taasisi ya kuainisha meli, ambayo kwa kawaida ni shirika la wahandisi, hupima bodi la chuma na mitambo kwa niaba ya nchi hiyo. Na nchi yenye bandari, meli inapofunga gatini kwake, ina haki ya kupanda melini na kuhakikisha kwamba kilichoandikwa katika vyeti ndicho kilichomo. Haki hii ya tatu hutekelezwa kwa ushirikiano wa nchi nyingi za Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania zikiwemo, chini ya makubaliano yaliyofikiwa Pretoria mwaka 1998 na kuanza kutumika mwaka 1999, ili meli iliyokutwa na kasoro katika bandari moja isiweze kujificha katika bandari inayofuata. Mombasa kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, ijulikanayo zaidi kama KMA, wala si ya KPA inayoendesha magati na winchi. Dar es Salaam ni ya TASAC, na Unguja na Pemba zina mamlaka yao, ZMA. Anayepeleka malalamiko yake kwa ofisi isiyohusika hupoteza siku ambazo kontena lake linahesabiwa gharama.

Mkaguzi hufuata hatua tatu, na mpangilio wake ndio msingi wa ushauri wote unaofuata:

1. Husoma vyeti na kumbukumbu za meli, akitazama tarehe za kuisha muda na idadi ya mabaharia wanaotakiwa.
2. Hutembea sitahani, katika chumba cha usukani na katika chumba cha injini, akilinganisha alichokisoma na anachokiona.
3. Akiona dalili za wazi kwamba hali haifanani na hati, huamuru vifaa viwashwe na mabaharia wafanye zoezi la moto au la kuacha meli mbele yake.

Kasoro ndogo hupewa muda, kwa mfano siku 14, ili zirekebishwe. Kasoro kubwa zaidi hutakiwa kuondolewa kabla meli haijang'oa nanga. Na kasoro inayoifanya meli kuwa hatari kwa watu, kwa mzigo au kwa bahari huizuia meli kabisa hadi mkaguzi arudi na kuridhika. Wasomaji wengi hushangaa wanapoambiwa kwamba meli yenye vyeti vyote imezuiliwa. Hakuna cha kushangaza hapo, kwa kuwa cheti hueleza hali ya meli siku ile kilipotolewa, na tangu siku hiyo chumvi, mtikisiko na uzembe vimeendelea na kazi yake.

Kasoro zinazojirudia katika meli za baharini

Ripoti za ukaguzi, ziwe za Bahari ya Hindi au za kanda nyingine, huonyesha kwa miaka mingi makundi yaleyale ya kasoro yakiongoza. Kuyafahamu kunamsaidia mwenye mzigo kuelewa barua anayopewa na wakala, na baadaye kutazama chombo cha mtoni kwa jicho lililofunzwa.

*Moto.* Hapa ndipo kasoro hukutwa kwa wingi. Vifuniko vinavyotakiwa kuziba matundu ya hewa ya chumba cha injini huwa vimeliwa na kutu hata havifungi, mipira ya kupitishia maji huvuja, na pampu ya dharura ya kuzimia moto, ambayo iliwekwa mbali na injini kwa makusudi ili ifanye kazi injini ikiwaka, hukataa kuvuta maji. Meli yenye kasoro ya namna hii inaweza kusafiri mwaka mzima bila tatizo, na ndiyo sababu kasoro hiyo hudumu.

*Vifaa vya kuokoa maisha.* Injini ya boti la uokozi haiwaki, kulabu za kuliachia zimeganda, au boya la kujijaza limefungwa vibaya. Kosa hili la mwisho linastahili maelezo. Boya hilo hushikiliwa na kifaa kinachoitikia shinikizo la maji na kuliachia lenyewe meli inapozama, kabla ya kufika kina cha mita 4; lakini mara nyingi kamba huwa imepitishwa mahali pasipofaa, hivyo meli ikizama huenda na boya lake chini. Kifaa kipo, cheti kipo, na mtu hafi kwa kukosa boya bali kwa fundo lililofungwa na mtu asiyeelewa.

*Usukani na njia.* Ramani za bahari hazijasahihishwa, dira haijapimwa, taa za ubavuni hazifanyi kazi.

*Umeme wa dharura.* Jenereta ya dharura katika meli za mizigo hutakiwa kuwaka na kutoa umeme ndani ya sekunde 45. Katika ukaguzi, betri hukutwa imekufa.

*Mabaharia.* Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, pamoja na kanuni za mafunzo ya mabaharia, hutaka baharia apumzike angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Daftari linaloonyesha kila mtu amepumzika sawasawa, wakati meli ilipakia usiku na mchana, ni dalili ya wazi kwamba limejazwa kwa kalamu moja jioni moja.

*Usimamizi.* Tangu mwaka 1998 kampuni za meli zimelazimika, aina kwa aina, kuwa na mfumo ulioandikwa wa kusimamia usalama. Mkaguzi akikuta kasoro nyingi za makundi tofauti katika meli moja, huhesabu kwamba tatizo liko ofisini kwa mwenye meli, na hapo ndipo meli huzuiliwa kwa muda mrefu zaidi.

Anachoweza kufanya mwenye mzigo akiwa Gudele

Pingamizi linalotolewa mara nyingi ni kwamba mtu mwenye kontena moja, au mwenye katoni chache ndani ya kontena la kuchangia, hana sauti mbele ya kampuni ya meli. Pingamizi hili lina ukweli, lakini ukweli wake ni nusu: hana sauti baada ya mzigo kupakiwa, bali kabla ya kulipa anayo, kwa kuwa wakala wa usafirishaji hushindania wateja. Hatua zifuatazo huchukua muda wa mchana mmoja na simu yenye intaneti.

1. Aombe jina la meli pamoja na namba yake ya IMO. Jina mara nyingi hubadilishwa meli inapouzwa, ila namba hii ya tarakimu 7 hubaki nayo hadi inapokatwa kuwa chuma chakavu. Namba ya uongo hugunduliwa kwa hesabu: tarakimu 6 za mwanzo huzidishwa kwa 7, 6, 5, 4, 3 na 2 kwa mfuatano huo, majibu yakajumlishwa, na tarakimu ya mwisho ya jumla hutakiwa kufanana na tarakimu ya saba. Kwa mfano namba 9074729 hutoa 63, 0, 35, 16, 21 na 4, ambazo jumla yake ni 139. 9 ya mwisho inalingana na 9 ya namba yenyewe.

2. Aitafute meli katika hifadhidata ya Equasis. Hii hutumika bure baada ya kujiandikisha, na huonyesha umri wa meli, bendera, taasisi iliyoiainisha, bandari ilizokaguliwa, idadi ya kasoro na kama imewahi kuzuiliwa. Kasoro mbili au tatu katika ukaguzi mmoja si sababu ya kuikimbia meli. Kinachotisha ni meli iliyozuiliwa zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni, au iliyobadili bendera na taasisi ya uainishaji mara kwa mara, kwani mwenye meli wa namna hiyo mara nyingi humtafuta msimamizi mpole.

3. Atangaze uzito wa kweli. Tangu tarehe 1 Julai 2016, kanuni za mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, zinakataza kupakia melini kontena ambalo uzito wake wote haujathibitishwa, ama kwa kulipima likiwa limejaa, ama kwa kupima vitu vyote vilivyomo na kujumlisha uzito wa kontena tupu. Kontena lililoandikwa tani 14 na kumbe lina tani 24, likiwekwa juu ya mengine, huharibu uthabiti wa meli nzima. Mzigo huohuo ukifika Mombasa utapandishwa lori, na mizani za barabarani za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambazo ukomo wake ni tani 56 kwa lori na shehena, zitaugundua hata kama meli haikuugundua.

4. Asifiche mzigo wa hatari. Betri, rangi, manukato, vipodozi vyenye spiriti, viatilifu, klorini ya kusafishia maji na mitungi ya gesi vina utaratibu wake wa kufungwa na kuandikwa. Kuviita "bidhaa za nyumbani" ili kupunguza nauli ni kosa, na gharama ya mzigo wa hatari usioshughulikiwa ipasavyo imekwisha kuonekana katika bahari hii hii. Meli ya X-Press Pearl ilikuwa mpya, imeanza kazi mwaka huohuo wa 2021, lakini kontena moja la asidi ya nitriki lilikuwa linavuja. Bandari ya Hamad nchini Qatar na ya Hazira nchini India hazikuliteremsha, moto ukawaka karibu na Colombo mwezi Mei, na tarehe 2 Juni meli ikazama na shehena ya mamia ya watu wasiohusika kabisa na asidi hiyo.

5. Akate bima ya mzigo inayotaja mchango wa hasara ya pamoja. Chini ya kanuni hii ya kale ya bahari, hasara iliyoingiwa kwa makusudi ili kuokoa meli na shehena hugawanywa kwa wote wenye mali ndani yake. Wafanyabiashara wanaoikumbuka Ever Given, iliyokwama katika Mfereji wa Suez tarehe 23 Machi 2021, wanajua kwamba waliokuwa na mizigo mizima, isiyo na doa, walidaiwa dhamana kabla ya kuikabidhiwa. Mwenye bima huiachia kampuni ya bima suala hilo. Asiye nayo hutoa fedha taslimu au husubiri.

Endapo meli imekwisha kuzuiliwa, mwenye mzigo anashauriwa kumtaka wakala wake amweleze kwa maandishi sababu ya kuzuiliwa, kama meli itatengenezwa Mombasa au itahamishiwa bandari nyingine, na nani atakayebeba gharama za kuchelewa. Kumshinikiza mtu "amalize jambo" na wakaguzi ni upumbavu unaohatarisha mzigo huohuo unaosubiriwa.

Gatini Juba: ukaguzi ambao mwenye mzigo lazima aufanye mwenyewe

Sheria zilizotajwa hadi sasa zinahusu meli za kimataifa, na nyingi zinaanzia tani 500 za ukubwa wa meli. Matishali yanayosukumwa na boti za injini kutoka Juba kuelekea kaskazini, pamoja na mashua za mbao na za chuma zinazobeba abiria wa Bor na vijiji vya kandokando, yako nje ya wigo huo. Mto wenyewe, unaoitwa Bahr el Jebel katika sehemu hii, una hatari ambazo bahari haina: magogo yaliyozama nusu, visiwa vya magugu vinavyoelea na kuziba njia ndani ya kinamasi cha Sudd, mikondo inayobadili kina msimu hadi msimu, na safari ndefu ambayo ndani yake hakuna kituo cha uokoaji. Kwa hiyo hatua tatu za mkaguzi zinapaswa kufanywa na yule anayelipa nauli, naye anashauriwa kufika gatini asubuhi ya siku iliyotangulia safari, kwani siku ya safari kila kitu huwa kimefunikwa na magunia.

*Hatua ya kwanza: hati na watu.* Aulizie usajili wa chombo, jina la nahodha, na idadi ya abiria inayoruhusiwa. Nahodha anayefahamu chombo chake hutaja idadi hiyo bila kusita. Anayejibu kwamba "nafasi ipo tu" amekwisha kuonyesha kwamba hakifahamu. Aulize pia kama orodha ya majina ya abiria huandikwa na nakala yake kuachwa nchi kavu. Orodha isiyoachwa nchi kavu huzama na chombo, na ndugu hubaki miaka wakibishana na ofisi kuhusu nani alikuwemo.

*Hatua ya pili: macho.* Haya ndiyo ya kutazama:

- Ubavu wa chombo ulio juu ya maji. Meli za baharini huchorwa alama ya duara lenye mstari, iliyoanza kulazimishwa Uingereza katika karne ya 19 kwa juhudi za Samuel Plimsoll, ili kila mtu aone mwisho wa kupakia. Chombo kisicho na alama hiyo kitazamwe kikiwa tupu, kisha kikiwa kimepakiwa: ikiwa mashua ndogo imebakiwa na chini ya shubiri mbili kutoka ukingo hadi maji, au mawimbi ya boti inayopita yanarusha maji ndani, isipandwe. Kipimo cha shubiri si cha kisheria, bali ni cha tahadhari.
- Mlalo. Chombo kilichoinamia upande mmoja kikiwa kimefungwa gatini hakitanyooka chenyewe mtoni.
- Ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo ambamo maji hujikusanya. Maji machache ni kawaida. Maji yanayoelea mafuta, au kiraka cha saruji kilichomwagwa juu ya tundu la chuma, ni dalili kwamba bodi limechoka. Kiraka cha namna hiyo hata baharini hukubaliwa kwa muda tu.
- Mapipa ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hushuka na kujaza ngama, na cheche moja ya betri au jiko la mkaa inatosha. Mafuta yasisafirishwe pamoja na abiria, na mahali ambapo hilo linafanyika kwa mazoea, msafiri anayekataa hana sababu ya kuona haya.
- Mpangilio wa mzigo. Vizito vikae chini na katikati, vikiwa vimefungwa. Saruji isikae juu ya godoro, wala pikipiki juu ya paa.

*Hatua ya tatu: kujaribu.* Aombe pampu ya kutolea maji iwashwe, taa ziwashwe (kijani kulia, nyekundu kushoto, nyeupe juu au nyuma), usukani uzungushwe hadi mwisho pande zote mbili, na jaketi okozi moja lishushwe kutoka lilikowekwa. Jaketi ambalo limefungiwa stoo na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda sokoni Konyo Konyo lihesabiwe kuwa halipo.

Kuhusu majaketi yenyewe, inafaa kuongeza maneno machache kwa sababu hapa makosa huua watoto. Jaketi la mtu mzima humvuka mtoto kichwani anapoanguka majini, hivyo kanuni za baharini hutenganisha la mtu mzima, la mtoto wa kilo 15 hadi 43, na la mtoto mchanga. Mzazi anashauriwa kumpima mtoto jaketi akiwa bado nchi kavu, kulivuta juu kwa mabega na kuona kama linampita kidevuni, na kama kamba ya kupitisha kati ya miguu haipo, aifunge mwenyewe kwa kitambaa imara. Kwa familia inayosafiri kila mwaka, kununua jaketi la mtoto na kulihifadhi nyumbani ni bora kuliko kutegemea la chombo.

Hesabu ya mzigo ambayo wengi huikosea

Katika hesabu za uthabiti wa meli, abiria mmoja kwa kawaida hukadiriwa kuwa na kilo 75. Mifuko 40 ya saruji ya kilo 50 ni tani 2, sawa na watu 26 au 27. Mfanyabiashara anayemshawishi nahodha aongeze "mifuko michache tu" juu ya idadi kamili ya abiria amepandisha watu hao bila kuwaona, na tofauti iliyopo ni kwamba watu huonekana wakijazana ilhali saruji hutulia kimya chini ya turubai.

Ajali za kanda hii zinafundisha jambo hilohilo kwa gharama ya kutisha. Kivuko cha Mtongwe, Mombasa, kilizama tarehe 29 Aprili 1994 kikiwa kimejaza abiria kupita uwezo wake. MV Bukoba ikafuata karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. MV Spice Islander I ilizama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, na tume ya uchunguzi ikabaini kwamba ilikuwa na watu zaidi ya 2,000, mara kadhaa ya idadi iliyoruhusiwa. MV Nyerere, kivuko cha watu 101, kilipinduka karibu kabisa na gati la Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220. Hapa Sudan Kusini, mnamo Januari 2014, zaidi ya watu 200 waliripotiwa kufa maji karibu na Malakal katika chombo kilichojaa watu waliokuwa wakikimbia mapigano. Hao wa mwisho hawakuwa na nafasi ya kuchagua. Anayesafiri kwa biashara wakati wa amani anayo, na ni haki kwake kuitumia.

Katika ajali ya Ukara kuna funzo la ziada: kivuko kilipokaribia gati, abiria walisogea upande mmoja tayari kushuka. Chombo kilichojaa sana husimama kwa mizani nyembamba, na watu wanapohama kwa pamoja mizani hiyo huvunjika. Abiria abaki alipo hadi kamba zifungwe, hata kama jirani zake wote wamesimama.

Makosa mengine yanayorudiwa

- Kuamini rangi mpya. Rangi huficha kutu. Anayetaka kujua hali ya chuma atazame mahali ambapo rangi haifiki, kama chini ya vifuniko na kandokando ya matundu ya nanga.
- Kuweka mzigo wote wa msimu katika tishali moja ili kupata bei nafuu. Mzigo ukigawanywa mara mbili, nauli huongezeka, lakini mtaji haupotei kwa siku moja.
- Kukubali kuondoka jioni. Magogo na magugu hayaonekani gizani, na taa ya simu haimsaidii nahodha.
- Kumlipa dalali nauli yote kabla ya kukiona chombo. Malipo ya awali yawe madogo kiasi kwamba mtu anaweza kuyaacha na kuondoka. Nauli iliyolipwa yote ndiyo inayowalazimisha watu kupanda chombo walichokwisha kukitilia shaka.
- Kukagua injini na kusahau mtu. Nahodha aliyekesha akipakia, au aliyelewa, ni kasoro kubwa kuliko pampu mbovu.

Ikiwa hakuna chombo kingine

Wasomaji husema, na wanasema kweli, kwamba katika msimu wa mvua barabara ya kwenda Bor hukatika, kwamba chombo kinachofuata huenda kikakawia wiki nzima, na kwamba bidhaa zinazooza hazisubiri. Kwa hali hiyo, kukataa moja kwa moja si njia pekee. Kuna masharti ambayo nahodha aghalabu huyakubali pale yanapoombwa na watu kadhaa kwa pamoja na kwa heshima: magunia ishirini yateremshwe, mapipa ya petroli yahamishiwe tishali lisilo na abiria, majaketi yagawiwe kabla ya kuondoka, safari ianze alfajiri, maji yatolewe ngama mbele ya wote. Wenye mizigo wa soko moja, kama wale wa Gudele wanaopakia siku moja, wana nguvu zaidi wakimtuma mzee mmoja anayeheshimiwa azungumze kwa niaba yao kuliko kila mtu akigombana peke yake kwenye ngazi ya kupandia.

Masharti yakikataliwa yote, wenye bidhaa zinazooza wanaweza kuzisafirisha bila wao kupanda, na hasara ikitokea iwe ya mali. Taarifa ya chombo hicho ipelekwe siku hiyohiyo kwa maofisa wa usafiri wa mto walioko bandarini, ikiwa na jina la chombo, siku na saa, kasoro zilizoonekana, na picha ikiwa kupiga picha kunaruhusiwa mahali hapo. Kwa kuwa Juba ni mji ambamo kupiga picha kwenye bandari na madaraja kunaweza kumletea mtu matatizo na askari, ruhusa iombwe kwanza. Taarifa iandikwe nakala mbili, na ile ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa na kuhifadhiwa na aliyeipeleka.